Mjadala: Akili bandia darasani inatatua tatizo la nani?

Mleta mada
Ndugu zangu, siku hizi hakuna kongamano la elimu lisilotoa ahadi kwamba akili bandia itampa kila mtoto mwalimu wake wa peke yake. Nimeishi vya kutosha kuikumbuka ahadi ya kompyuta ndogo kwa kila mtoto: Peru iligawa zaidi ya laki nane, na utafiti wa shule za vijijini uliotolewa mwaka 2012 haukuona tofauti katika alama za hisabati wala za lugha. Kabla hatujatoa fedha, nauliza programu hizi zinatatua tatizo lipi la sekondari zetu, ambako darasa lina wanafunzi tisini na mwalimu mmoja, tena aliyechoka, ambaye andalio lake la somo ni lile lile la mwaka juzi lililobadilishwa tarehe.

Mwalimu wa Fizikia, Singida
Mleta mada, swali lako lilikuwa jema mpaka ulipolimalizia kwa tusi. Kanuni ya Ohm haijabadilika tangu mwaka juzi. Kwa nini andalio langu libadilike?

Mzazi, Kibaha
Mwalimu, kwa heshima zote, kanuni haibadiliki lakini watoto walio mbele yako hubadilika kila Januari. Mwanangu yuko kidato cha pili na madaftari yake yanafanana neno kwa neno na ya kaka yake aliyemaliza.

Mwanafunzi wa uzamili
Naomba turudi kwenye mada. Uturuki walijaribu jambo hili kwa wanafunzi wa sekondari wapatao elfu moja, katika hisabati. Waliopewa programu ya kawaida ya akili bandia walifanya mazoezi vizuri zaidi kwa asilimia 48, lakini iliponyang'anywa wakati wa mtihani walianguka kwa asilimia 17 chini ya wenzao ambao hawakuwahi kuigusa. Programu ya pili, iliyozuiwa kutoa majibu na kulishwa vidokezo vya walimu, haikuwadhuru, ingawa nayo haikuwapandisha mtihanini.

Mchangiaji, Nairobi
Hapa kwetu kuna vijana waliosomesha wadogo zao kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha za chuo, na kazi hiyo imepungua sana tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022. Kwa hiyo tusiseme mashine imeleta udanganyifu. Imemwondoa tu mtu wa katikati, ambaye angalau alikuwa na njaa.

Mwalimu wa Fizikia, Singida
Mambo ya Uturuki nitayajibu baadaye. Mzazi wa Kibaha, kwa kuwa umenitaja mbele ya watu, nami nitasema. Andalio langu la wiki iliyopita sikuliandika mimi. Niliiomba programu iliyomo simuni mwangu, kwa bando la fedha yangu, ikaniandikia kwa dakika mbili andalio lenye umahiri, shughuli za wanafunzi na tathmini, na mthibiti ubora wa shule alipolisoma akanisifu kwa ubunifu. Ndani yake kila kikundi cha wanafunzi watano kilipewa ammita, yaani kipima mkondo wa umeme, na betri zake. Maabara yetu ina ammita moja, na sindano yake imekwama. Nilifundisha kama ninavyofundisha siku zote, kwa kuchora sakiti ubaoni.

Mzazi, Kibaha
Kwa maana hiyo mthibiti alisifu somo ambalo halikufundishwa.

Mwalimu wa Fizikia, Singida
Alisifu karatasi, mama, kama alivyokuwa akiisifu nilipoiandika kwa mkono hadi saa tano usiku. Tofauti ni kwamba sasa ninalala, na asubuhi ninaingia darasani nikiwa na nguvu za kumsikiliza mtoto anayeuliza.

Mleta mada
Mwalimu, umenijibu kuliko wote, ingawa hukukusudia. Mashine imetatua tatizo la makaratasi, ambalo tungeweza kulitatua bure kwa kuyapunguza, na ammita bado ni moja. Ningependa kujua kama fedha za programu hizo zingetosha kununua ammita ngapi.

Mwalimu wa Fizikia, Singida
Ningependa kujua utaniomba radhi lini kuhusu ile tarehe.