Kafi la sentimita 197, Dodoma hadi Jinja: nisafiri nalo, nitafute la vipande, au nikodi huko huko?

Kafi_Mtera
Wakuu, habari za jioni. Nipo Dodoma, mwezi ujao nina likizo ya siku kumi na naenda Jinja, Uganda, kupiga kayaki Mto Nile. Nimejifunzia Bwawa la Mtera, maji yametulia, kwa hiyo maji ya kasi nayaogopa na kuyatamani kwa pamoja. Kinachonisumbua ni kafi langu. Ni la kipande kimoja, mpini wa kaboni, sentimita 197 ncha hadi ncha. Nitapanda ndege ndogo ya pangaboi hadi Dar, kisha ndege ya Entebbe. Nimefikiria kusafiri nalo lilivyo, kutafuta la vipande, kukodi Jinja, au kumpa fundi alikate katikati aweke kiungio. Mliowahi kusafiri na vitu virefu, naomba mnisaidie kulinganisha.

Mkerewe_AreaD
Mkuu, anza na futi kamba. Mashirika mengi hujumlisha urefu, upana na kina cha begi, na jumla haitakiwi kuzidi sentimita 158, uzito kilo 23. Kafi lako limeshavuka kwa urefu peke yake. Hiyo haina maana kwamba litakataliwa, ila linahesabiwa kama kifaa cha michezo cha umbo kubwa, na hicho unakiombea nafasi mapema na mara nyingi unakilipia.

Sasa chukua la vipande viwili. Mfuko wa sentimita 110 kwa 25 kwa 12 unakupa 147, unapita kama begi lolote. La vipande vinne linalala ndani ya sanduku la nguo, hakuna hata atakayekuuliza. Uzito usikutishe, kafi la kaboni halifiki kilo moja na nusu. Ila usijaribu kuingia nalo kabini hata likiwa vipande, maana mkaguzi akiliona anaona rungu.

Dada_Chamwino
Nakubaliana na Mkerewe, lakini mimi ningeangalia zaidi kipande cha Dodoma hadi Dar kuliko cha Entebbe. Mwaka juzi nilisafiri na ubao wangu wa kaiti, ule wa kuteleza majini ukivutwa na tiara, kwenda Paje, Zanzibar, msimu wa kusi. Nililipia mzigo, nikapewa kikaratasi, nikapanda. Ubao ukabaki Dodoma. Shirika silitaji. Niliambiwa ndege ilikuwa nzito, na kweli mchana ule jua lilikuwa kali. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi yenye joto huipa ndege nguvu ndogo ya kupaa, hivyo uzito hupunguzwa. Kinachoanza kushushwa ni mizigo, na mrefu ndio unaoonekana haraka. Ulinifikia siku ya tatu. Siku mbili nzima nilikaa ufukweni nikiangalia upepo mzuri unapita, na iliniuma sana.

Kwa hiyo kata tiketi ya asubuhi, kabla jua halijachoma. Na kwa kuwa uwanja wetu uko mjini, nenda mwenyewe kaunta kabla ya kulipa tiketi, uwape vipimo, uombe jibu la maandishi. Maneno ya simu siku ya safari hakuna anayeyakumbuka.

Nyasa_Samaki
Au ruka hiyo pangaboi kabisa. Treni ya SGR inafika Dodoma tangu Julai 2024, unaweza kwenda nayo Dar ukapanda ndege moja tu. Basi hadi Mutukula kupitia Singida na Bukoba nalo lipo, na kwenye buti la basi kafi refu si tatizo, ila katika siku kumi zako barabara itakula nyingi. Mimi nisingeenda kwa basi.

Fundi_Nkuhungu
Kafi_Mtera, tafadhali usilikate. Nimewahi kukata la faiba, nikaunga kwa bomba la alumini na gundi nzuri. Mtera likafanya kazi wiki tatu, ya nne likapasuka pale pale kwenye kiungio. Nilikuwa karibu na ukingo, nikaogelea. Kwenye maji ya kasi kafi likivunjika hujui utatokea wapi. Tena vumbi la kaboni linawasha ngozi na si la kuvuta.

Ukiamua kubeba lilivyo, fundi cherehani wa Sabasaba anaweza kukushonea mfuko wa turubai, ndani uweke sponji la godoro. Funga mabapa yote mawili, zile sehemu pana za kupigia maji, kwa tabaka mbili, maana ncha ndizo zinazogongwa. Lipige picha kabla ya kulikabidhi. Likifika limeumia, usitoke uwanjani bila kuandikisha. Safari za kimataifa zina Mkataba wa Montreal wa 1999, unakupa siku 7 tangu upokee mzigo kulalamika kwa maandishi kuhusu uharibifu.

Mkerewe_AreaD
Kuongezea: kama jaketi okozi lako ni la kujijaza gesi, ile mitungi midogo inahitaji idhini ya shirika. La sponji halina shida.

Nile_Mara_Mbili
Jinja nimefika mara mbili. Bwawa la Bujagali lilifunika sehemu ya maji ya kasi mwaka 2012, la Isimba likafuata 2019, lakini yaliyobaki bado yanakuita. Kayaki na kofia utakodi bila taabu. Kafi, mimi ningebeba langu. La kukodi linaweza kuwa na mabapa yaliyopindana kwa pembe nyingine kabisa, na mikono yako imezoea moja. Ukipinduka chini ya maji, huna muda wa kujifunza pembe mpya.

Nyasa_Samaki
Hapo tunatofautiana. Mtu wa mara ya kwanza bado hana mazoea makubwa ya kupoteza. Akodi, siku ya kwanza abaki kwenye maji tulivu na mwalimu wake, mkono utazoea.

Nile_Mara_Mbili
Siku moja kati ya kumi ni nyingi, ndugu yangu. Kafi_Mtera, lako lina pembe ngapi?

Kafi_Mtera
Digrii 30, mkono wa kulia.

Nile_Mara_Mbili
Basi ninalo la vipande vinne, sentimita 196, digrii 30, la kulia. Huwa nalibeba kama akiba mtoni. Viungio vyake hucheza kidogo, tofauti na la kipande kimoja, utalihisi siku ya kwanza kisha utasahau. Nipo Ipagala, njoo ulichukue. Ninachoomba tu, kila jioni livue vipande na usuuze viungio kwa maji safi. Mchanga ukikauka mle ndani vinang'ang'ana.

Kafi_Mtera
Mkuu, nakushukuru mno. Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa Ipagala. Sponji nitapitia Sabasaba nije nalo, tulifunge pamoja unioneshe.