Je, gari la saluni linatosha kwenye barabara zenye theluji?

Msafiri wa Alfajiri ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kuendesha kwenye theluji, si wa wale waliosimuliwa. Nina saluni ya kawaida ya milango minne, yenye gia otomatiki, inayovutwa na magurudumu ya mbele, na matairi yake ni yale yanayouzwa kwa jina la misimu yote. Tangu niinunue haijanisumbua, ila sijawahi kuipitisha katika majira ya baridi. Kila ninayezungumza naye ananiambia niiuze ninunue gari la juu linaloendeshwa na magurudumu yote manne, kwa hoja kwamba saluni ikikutana na theluji ni ya kusukumwa tu.

Njia yangu ya kwenda kazini ni ya lami, ina mlima mmoja wa wastani na daraja refu, nami huondoka mapema, mara nyingi kabla magreda ya kuondoa theluji hayajapita. Ningependa kujua kama gari hili linaweza kunifikisha kwa usalama, na kama linaweza, ni kitu gani nigharamie kwanza, maana sina fedha za kubadilisha kila kitu kwa pamoja.

Fundi wa Magurudumu amejibu:

Ndugu, usiuze gari. Uza hayo matairi, au yaweke stoo hadi joto lirudi.

Watu wengi hudhani tairi la baridi linatofautiana na la kawaida kwa kashata zake tu, yaani kwa ukubwa wa mifereji, lakini tofauti kubwa imo ndani ya mpira wenyewe. Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo unavyoshindwa kujikunja ili ushike vijishimo vidogo vya barabara. Mpira wa tairi la baridi hutengenezwa ubaki laini hata chini ya sifuri. Ukilitazama kwa karibu utaona kila kipande cha kashata kimechanjwa chale nyembamba nyingi. Gari linapobingirika chale hizo hufunguka, huuma theluji, kisha hufunga na kuibana. Theluji iliyobanwa kwenye kashata hushikamana na theluji iliyo chini, na hapo ndipo mshiko unapopatikana.

Kuhusu hayo ya misimu yote, nenda ukaangalie ubavuni. Ukikuta herufi M+S (yaani matope na theluji) peke yake, hiyo ni kauli ya mtengenezaji tu, haina jaribio la theluji nyuma yake. Unachotafuta ni picha ya mlima wenye vilele vitatu ukiwa na chembe ya theluji ndani yake, kwa kuwa tairi haliruhusiwi kuchorwa alama hiyo bila kupimwa kwenye theluji na kufikia kiwango kilichowekwa. Pima pia kina cha kashata. Sheria nyingi huliruhusu tairi hadi milimita 1.6, lakini kwa theluji mimi huliona tairi lililoshuka chini ya milimita 4 kuwa limekwisha, hata kama kwa macho bado linapendeza.

Saluni ya kuvutwa mbele ina faida ambayo watu huisahau: injini na giaboksi zimekaa juu ya magurudumu yale yale yanayovuta, kwa hiyo kiasi cha asilimia 60 ya uzito wa gari huyakandamiza barabarani. Ikiwa na matairi manne mazuri ya baridi, inalishinda gari la juu lililovalishwa matairi ya kiangazi, hasa wakati wa kufunga breki na kukata kona.

Dereva wa Zamu ya Usiku amejibu:

Nakubaliana na fundi kuhusu matairi, lakini nadhani ameupita mlima haraka mno. Gari likipanda, uzito wake huegemea nyuma, na magurudumu ya mbele hupungukiwa na mkandamizo wakati ule ule yanapohitajika zaidi. Gari la kuvutwa na magurudumu yote hutumia uzito wake wote kusukuma, ilhali saluni ya mwenzetu hutumia zaidi kidogo ya nusu. Tofauti hiyo huonekana waziwazi ukilazimika kusimama katikati ya mlima na kuondoka tena. Kwa hiyo mwuliza swali ajizoeze kuupanda kwa mwendo mmoja wa polepole, aache nafasi kubwa kati yake na gari lililo mbele ili asilazimike kusimama, na akiona wengine wamekwama juu, asubiri bondeni.

Jambo la pili, ambalo matairi hayalitatui, ni kimo. Saluni nyingi uvungu wake uko kama sentimita 13 hadi 15 kutoka ardhini. Theluji iliyolala ikizidi kina hicho, gari huanza kuisukuma kwa bampa, kisha huipanda, na mwisho hulala tumbo juu ya theluji iliyoshindiliwa huku magurudumu yakizunguka bila kugusa kitu cha maana. Hapo hata tairi bora duniani halikusaidii, utahitaji koleo. Kwa kuwa anaondoka kabla ya magreda kupita, asubuhi ambayo theluji imefika kina hicho asitoke kabisa mpaka njia isafishwe. Awe mwangalifu pia na tuta ambalo greda huliacha mdomoni mwa njia ya kuingilia nyumbani, kwa maana theluji yake ni nzito na hugeuka jiwe baada ya saa chache.

Akikwama, asikanyage mafuta kwa hasira. Magurudumu yakizunguka kwa kasi huyeyusha theluji, maji yale huganda, na anakuwa amejitengenezea barafu chini ya tairi. Azime kwa muda mfumo wa kuzuia magurudumu kuzunguka ovyo, kwani katika theluji laini mfumo huo huikata nguvu ya injini hadi gari likatae kujongea. Kisha asogee mbele kidogo na nyuma kidogo hadi apate njia, na akishatoka auwashe tena. Kabla ya yote, kama injini inaunguruma, ahakikishe ekzosi haijafukiwa. Moshi uliokosa pa kutokea hupenya ndani ya gari, na gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu ya kumzindua mtu.

Mkufunzi wa Udereva amejibu:

Wenzangu wamezungumzia sana kuondoka na kupanda. Ajali nyingi ninazozisikia kwa wanafunzi wangu zinatokana na kushindwa kusimama, na kwenye kusimama magari yote yanalingana, kwa sababu kila gari, liwe la juu au la chini, lina breki katika magurudumu manne. Mfumo wa kuvuta kwa magurudumu yote hausaidii chochote hapo. Tena humdanganya dereva, maana gari huondoka kwa wepesi kiasi cha kumfanya asahau kwamba barabara inateleza.

Chukueni mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Kwenye lami kavu, gari husimama ndani ya mita 12 hivi tangu breki ziume. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, ambako msuguano hushuka hadi karibu robo ya ule wa lami kavu, umbali huo hukaribia mita 50, na kwenye barafu tupu unaweza kufika mita 100. Hapo sijaongeza mita 14 ambazo gari huzikata katika sekunde moja ya dereva kushtuka na kuinua mguu. Punguzeni mwendo hadi 30, na zile mita 50 za theluji hushuka hadi 18 hivi. Ndiyo maana mimi huwaambia wanafunzi kuwa mwendo ni breki ya kwanza.

Ukikanyaga breki ukasikia pedali inatetemeka na kukwaruza chini ya mguu, usiinue mguu, kwani ni ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, inayofanya kazi yake. Katika theluji laini ABS inaweza kurefusha kidogo umbali wa kusimama, kwa kuwa gurudumu lililojifunga lingejikusanyia tuta la theluji mbele yake na kuzuiwa nalo, lakini hasara hiyo ni ndogo ukilinganisha na faida ya kubaki na usukani unaotii.

Kuhusu lile daraja: barabara ya kawaida hupata joto kidogo kutoka ardhini, bali daraja hupigwa na baridi juu na chini, kwa hiyo huganda mapema kuliko njia inayoelekea kwake. Ondoa mguu kwenye mafuta kabla hujalifikia, livuke kwa mwendo usiobadilika, na usifunge breki wala kukata usukani ghafla juu yake. Msidhani pia kwamba siku yenye baridi kali zaidi ndiyo yenye utelezi mkubwa zaidi. Barafu iliyo karibu na nyuzi 0, yenye utando wa maji juu yake, huteleza kuliko ile iliyokauka kwa baridi.

Msafiri wa Alfajiri ameandika:

Nawashukuru sana. Nimekwenda kuangalia, na kweli matairi yangu yana M+S tu. Naomba kuuliza mawili zaidi. Kwa kuwa gari linavutwa mbele, naweza kununua mawili ya mbele kwanza na ya nyuma baadaye? Na je, nipunguze upepo, kama wanavyofanya watu wanaoendesha mchangani? Stika iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva inaruhusu vipimo viwili, 195/65 R15 na 205/55 R16, na sasa gari limevaa hiki cha pili.

Fundi wa Magurudumu amejibu:

Mawili ya mbele peke yake ni hatari kuliko kutobadilisha kabisa. Mbele itashika vizuri, nyuma haitashika, na kwenye kona au ukiteremka ule mlima huku umefunga breki, buti litataka kutangulia mbele yako. Kama fedha haitoshi, tafuta manne yaliyotumika, yasiyo ya zamani sana na yenye kashata ya kutosha.

Upepo usipunguze. Baridi yenyewe inaupunguza, takriban psi 1 (kipimo cha upepo wa tairi) kila joto linaposhuka kwa nyuzi 6, hivyo tairi ulilolijaza psi 33 siku ya nyuzi 25 utalikuta na 28 hivi siku ya nyuzi 5 chini ya sifuri. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, na ulirudishe kwenye kiwango kilichoandikwa kwenye stika hiyo hiyo.

Katika hivyo vipimo viwili, kwa theluji chukua 195/65 R15 pamoja na rimu zake za chuma. Kimo cha gurudumu zima ni karibu sawa, tofauti haifiki milimita 3, hivyo kisomea mwendo hakitakudanganya. Lakini tairi hilo ni jembamba zaidi (milimita 195 badala ya 205), linakandamiza kwa nguvu zaidi katika eneo dogo, na huikata theluji laini hadi chini badala ya kupanda juu yake. Muuzaji alijaribishe rimu moja ya mbele kabla hujalipa, kwa kuwa matoleo mengine ya gari moja huwa na breki kubwa ambazo rimu ya inchi 15 haizipiti. Na betri ikiwa imezeeka, mwambie aipime siku hiyo hiyo, maana baridi huipunguzia nguvu wakati ule ule oili nzito inapoifanya injini iwe ngumu kuzungushwa.