Kaseti za malaria: C inatoka, T haieleweki

Nesi_Pate
Salaam aleikum. Katoni ya vipimo vya haraka vya malaria (aina inayotafuta HRP2, protini ya kimelea cha malaria) ilishinda juani gatini Mokowe ikingoja mashua. Sasa C (mstari wa kuhakiki kaseti) inatoka vizuri, lakini kwa mgonjwa ambaye hadubini imeonyesha vimelea, T (mstari wa malaria yenyewe) ni kivuli tu au haipo kabisa. Kaseti nyingine dirisha zima linabaki jekundu. Joto limeharibu zile chembe za dhahabu zinazotia mstari rangi? Na C ikitoka, si kipimo ni kizima?

Maabara_Malindi
Waaleikum salaam, dada. Dhahabu haina neno. Ni chembe za nanomita 20 hadi 40 hivi, na wekundu wa mstari ni chembe hizo zikijazana mahali pamoja. Joto linaua kingamwili: zilizoshikana na dhahabu na zilizochorwa kwenye T. C hunasa kingamwili za dhahabu yenyewe, iwe damu ina malaria au haina. Kwa hiyo inakuambia bafa (maji ya kipimo yanayodondoshwa kwenye kaseti) imepita na dhahabu imefika, basi. T yaweza kufa na C ikawaka vilevile.

Soma ubavu wa katoni: kuna aina zinazovumilia hadi 40 °C, nyingine mwisho 30. Ile iliyoshinda juani itenge. Jaribu kaseti zake chache kwa damu yenye vimelea, sambamba na za loti nyingine. Zikipishana, usipimie mtu.

Kipimo_Shela
Dirisha jekundu mara nyingi ni unyevu au damu nyingi. Mikrolita 5 zinatosha; kujaza tundu si ustadi. Msichane mifuko kumi asubuhi mkazipanga mezani kungoja foleni, kwa hewa hii ya bahari! Chana, pima papo hapo. Silika (kile kipakiti cha kunyonya unyevu mfukoni) ikiwa imebadilika rangi, tupa kaseti.

Bafa ni ya boksi lake. Ikiisha, msiazime ya aina nyingine wala maji ya dripu, yanaweza kuchora T ya uongo. Chupa ishikwe wima, matone kama karatasi inavyosema. Soma kwa dakika zilizoandikwa, 15 au 20. Ukichelewa sana, hata asiye na malaria anaweza kuota mstari.

Maabara_Malindi
Niongeze: T hafifu ni T, andika ana malaria. Ila HRP2 hubaki damuni wiki kadhaa baada ya dawa, kwa hiyo aliyemaliza dozi juzi mpime kwa hadubini. Na vimelea vikizidi mno, T inaweza kufifia hata kaseti ikiwa nzima. Mtoto aliyezidiwa asirudishwe nyumbani kwa kaseti peke yake.

Nesi_Pate
Shukran. Kuna wanaouliza kama dhahabu hiyo inatibu pia.

Kipimo_Shela
Hapana, haiingii mwilini. Nano (chembe ndogo mno) ya tiba ni kama amfoterisini B ya liposomu, yaani dawa iliyofungwa ndani ya vifuko vidogo mno vya mafuta, ya kutibu kala-azar. Chupa ya mg 50 huyeyushwa kwa ml 12 za maji ya sindano, ikachujwa kwa kichujio chake ikiingia kwenye glukosi ya 5%. Salini (maji ya chumvi) hapana, dawa itagandana.