Re: Leseni ya Tanzania kubadilishwa Uingereza bila mtihani, ni kweli?

Kutoka Reading:
Shikamooni wakubwa zangu. Shemeji kanitumia video ya TikTok, jamaa anaeleza kwa Kiswahili safi kabisa kuwa leseni ya Tanzania sasa inabadilishwa tu, hakuna mtihani. Chini kaweka tovuti, wanataka pauni 80. Nilipe? Mwaka wangu wa kwanza unaisha mwezi ujao, na zamu za usiku bila gari siziwezi.

Kutoka Leicester:
Marahaba mdogo wangu. Usilipe. Ingia gov.uk, tovuti ya serikali, kwenye ukurasa wa kubadilisha leseni za nje, chagua nchi iliyokupa leseni, utajibiwa hapohapo. Afrika Kusini na Zimbabwe wamo. Tanzania na Kenya hatumo.

Mimi simwiti huyo jamaa mwongo. Nahisi alimsikia Mzimbabwe akisimulia yake, akairusha kama ya Waafrika wote. Hizi ndizo habari zinazotuponza, maana ukimbana anakuonyesha mtu aliyebadilisha kweli! Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama ni kweli, uliza ni kweli kwa nani.

Leseni ya nyumbani unaiendeshea miezi 12 tangu uwe mkazi. Ikiisha bila kufaulu mtihani wa hapa, gari liegeshe. Bima inaweza kukukana, na kuendesha bila bima ni pointi 6 za adhabu kwenye leseni na faini ya pauni 300. Ili ufanye mtihani unahitaji kwanza leseni ya kujifunzia; ukiiomba mtandaoni kwa DVLA wenyewe, wakala wa serikali wa leseni, ni pauni 34. Hizo tovuti za pembeni hujaza fomu ileile kwa niaba yako, wakaongeza chao. Ukiziona juu kabisa kwenye Google, huenda zimelipia tangazo. Anwani isome taratibu: ukiacha https://, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza iwe gov.uk yenyewe au iishie na .gov.uk, nukta ikiwemo, siyo gov-uk au -gov.uk sijui nini.

Kutoka Leeds:
Na ile leseni ya kimataifa niliyochukua Nairobi kabla ya safari? Niliambiwa inaongeza muda.

Kutoka Leicester:
Haiongezi hata siku moja, kaka. Miezi ni ileile 12. Nani kakwambia?

Kutoka Leeds:
Aliyeniuzia.

Kutoka Reading:
Ahsanteni. Nimemuuliza shemeji video ni ya lini, hajui, naye katumiwa na jirani. Leseni ya kujifunzia nimeiomba asubuhi hii. Sasa, kuna anayemjua mwalimu wa gari huku Reading anayefundisha jioni?