"Discuss about" ni kosa?? Nisaidieni hii ya transitive na intransitive

kandambili: Wakuu habari za jioni. Dogo wangu yuko form three, leo kaja na daftari la kingereza limejaa wino mwekundu. Kaandika "We discussed about the problem" mwalimu kakata hiyo about, chini dogo kaandika "I raised early" ikawekwa rose. Pembeni maneno mawili tu, transitive, intransitive, basi. Mi mwenyewe miaka yote naandika discuss about kwenye imeili za ofisini na hakuna aliyewahi kuniambia kitu, aibu tupu. Nimweleze vipi?

mzee_wa_chaki: Mkuu ni vilevile vitenzi elekezi na si elekezi tulivyosoma kwenye kiswahili. Elekezi (transitive) kinadai yambwa, yaani kile kinachotendewa, si elekezi (intransitive) hakidai, na "discuss" kinalidaka jambo moja kwa moja, discuss the problem. Sisi tumezoea kuzungumza kuhusu, sasa hiyo kuhusu tunaibeba mpaka kule. Mwambie ageuze sentensi iwe ya kutendwa, "the problem was discussed" inakubali, halafu ajaribu na arrive ambayo si elekezi, "the airport was arrived" uone kama hatacheka mwenyewe.

Hiyo rose na raised ndo inanogesha. Kiswahili mkia wa kitenzi unakuambia kila kitu, inuka/inua, lala/laza, anguka/angusha. Kingereza cha zamani nacho kilikuwa na kamchezo kake ila kanabadilisha irabu ya katikati, mabaki yake ndo hizo sit na set, lie na lay, mpaka fall na fell ile ya kuangusha mti. Rise ni inuka, raise ni inua. Sasa dogo kasema "niliinua mapema", aliinua nini?

Bi_Karafuu: Lie na lay ni mtego jamani. Lie ikiwa ya jana inageuka lay!! "Yesterday I lay on the bed" nililala, "lay the baby on the bed" mlaze mtoto. Hata wazungu wenyewe wanachanganya, utawasikia "I'm gonna lay down".

ras_kibanda: Hapa Nairobi sisi tumeharibika kabisa, "I called but you didn't pick", na mtu akifika anakutext "I have reached". Ukimwambia hivyo mtu wa London anabaki anasubiri umalizie, umereach wapi? Fika yetu haihitaji kitu mbele, reach yao inahitaji.

mzee_wa_chaki: @ras_kibanda 😂😂 kweli kabisa. Ila kuna zinazokaa kote kote bila kubadilika hata herufi, "I boiled the water" na "the water boiled", sisi tungesema nimechemsha na yamechemka, wao neno ni lilelile, open na break hivyohivyo. Hapo hamna ujanja, dogo afungue kamusi ya wanafunzi aangalie pameandikwa T (transitive) au I (intransitive), wakati mwingine zote mbili.

kandambili: Ahsanteni sana. Sasa "enjoy" je? Maana juzi nimemuuliza mgeni "did you enjoy?" akaniangalia tu

Bi_Karafuu: Elekezi hiyo kaka, did you enjoy the food, au did you enjoy yourself. Wahudumu wa mahoteli wakiweka sahani wanasema "Enjoy!" peke yake na wanaeleweka, ila dogo asijaribu kwenye mtihani