Nataka kwenda kupanda miti palipoungua Kilimanjaro, nianzie wapi?

Mrombo wa Mbagala:
Wakuu, habari za jioni. Mimi mtoto wa Rombo, ila riziki iko Dar. Mlima ulipowaka Oktoba 2020 nilikuwa nyumbani kwenye msiba. Ule mstari mwekundu juu gizani sijausahau. Mama alitoka na kanga mabegani, akasimama kwenye migomba hadi usiku wa manane, hasemi kitu.

Sasa nina siku 14 za likizo, na kazini tuko watu sita tayari kuchangia miche 500. Twende Desemba au Aprili? Ruhusa tunaomba wapi? Mwenzetu mmoja anapendekeza mikaratusi kwa kuwa inakua haraka. Naombeni ushauri, matusi hapana.

Kinyozi wa Majengo:
Mchaga apande Desemba kwenda kupanda miti? Sema mnaenda kula mbuzi, tutawaelewa 😂

Mama Kitalu:
Mdogo wangu, nia yako nzuri, ila mikaratusi iacheni hukohuko Mbagala.

Moto ule ulianzia Whona, kati ya vituo vya wapanda mlima vya Mandara na Horombo, na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, walisema zimeungua kilomita za mraba 95.5. Sehemu kubwa ya huko juu ni vichaka vya erika na nyasi, siyo msitu wa miti mikubwa kama mnavyofikiria. Erika nyingi zikiungua juu, kisiki kinabaki hai ardhini na kinachipua chenyewe. Mkipanda na majembe yenu mtakanyaga machipukizi. Halafu ile ni hifadhi, na tangu 2005 hata msitu wa asili wa chini umo ndani yake. Humo huchomeki mche wowote bila KINAPA, wasimamizi wa hifadhi ya Kilimanjaro, kukubali. Ofisi zao ziko geti la Marangu, pelekeni barua ya kikundi mapema.

Kazi ipo huku chini kwetu, kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji, panapoliwa na vimoto vya kila kiangazi ambavyo redio haivitangazi.

Na jamani, msije kupiga picha. Kuna kikundi kilikuja kutoka mjini kikapanda miche 300 kwa saa mbili, kikapanda gari. Nilipita baada ya mwezi naona imenyauka, nikang'oa mmoja: kiriba, ule mfuko wa plastiki wa mche, hakijachanwa! Mizizi imejizungusha humo ndani kama tambi kwenye sufuria. Nikang'oa wa pili, vilevile. Nilikaa chini.

Mpagazi Mstaafu:
Mama Kitalu kamaliza, naongeza kidogo. Desemba hapana. Vuli inakatika, mche unakutana na jua la Januari ukiwa bado mgeni. Njooni masika yakishika.

Mkipangiwa kazi palipoungua karibuni, msitembee hovyo. Udongo wa msituni una mboji nyingi, moto unaweza kula chini kwa chini siku kadhaa. Juu unaona jivu limetulia, ukikanyaga unazama mpaka goti. Na mti ulioungua shina usiukalie chini kula chapati, upepo kidogo tu unalala.

Jambo lingine watu hawalipendi kwa sababu halina picha: warina asali. Wapo wanaoingia msituni na mwenge wa majani makavu, cheche ikidondoka kiangazi ndiyo basi. Hela ya miche 200 ingenunua mabomba ya moshi na mavazi ya kurinia kwa vijana wa kijiji kimoja. Mimi ningeanzia hapo.

Mrombo wa Mbagala:
Asanteni sana. Mikaratusi imefutwa, mhusika kanuna. Hili la warina asali hatukuliwaza kabisa, nalipeleka kwa wenzangu kesho. Nimeigawa likizo: siku saba Aprili kupanda, saba Septemba kupalilia na kusafisha barabara za kuzuia moto. Mama Kitalu shikamoo, una miche gani?

Mama Kitalu:
Marahaba. Septemba ndiyo umenifurahisha, maana wa kupanda napata kila mwaka, wa kupalilia sipati. Nina mringaringa na mikuyu, ila 500 ni mingi kwa watu sita. Anzeni na 150 muweze kuirudia. Viriba nitawapa, mboji ipo. Nyinyi njooni na viwembe.

Kinyozi wa Majengo:
Viwembe ninavyo pakiti nzima. Kiti cha saba kwenye gari kipo?