Bosi anataka tufunge ofisi Kigoma, kila mtu afanyie kazi nyumbani. Nimkubalie?

Migebuka wa Mwanga:
Wakuu, habari za jioni.

Nasimamia tawi la kampuni ya uwakala wa forodha hapa Kigoma mjini, makao makuu Dar. Tuko wanane. Kazi yetu ni makaratasi ya mizigo inayovuka ziwa kwenda Kalemie, Uvira na Bujumbura. Mkataba wa pango unaisha mwezi ujao, na mwenye nyumba anataka kodi itoke laki sita ifike laki nane. Jana bosi kanipigia: "Kwani lazima mkae ofisini? Wape watu laptopu wakafanyie nyumbani." Nina wiki mbili za kumjibu.

Kusema kweli limenivutia. Wawili wanatoka Ujiji, nauli inawamaliza. Mmoja ananyonyesha. Tena mwezi wa pili niliumia mguu nikafanyia kazi nyumbani wiki nzima: siku mbili za kwanza nilimaliza kazi za siku tatu.

Siku ya tatu mama mkwe akafika kutoka Kasulu. Kanikuta sebuleni saa nne asubuhi na dera langu, kompyuta mapajani. Akamvuta mume wangu pembeni kumuuliza kama nimefukuzwa. Kuanzia hapo nikawa "mtu aliyepo": pokea fundi, pika uji wa mgeni, na jirani akaniachia mtoto "dakika tano tu" afike sokoni Mwanga. Alirudi adhuhuri.

Waliowahi kuishi hivi, nishaurini.

Dagaa Mkavu:
Hizo dakika tano hata mimi zinanidai. Nipo nasoma.

Asali ya Sikonge:
Dada, niko Tabora, Isevya. Mwaka wa tatu huu nafanya mahesabu ya kampuni ya Dar nikiwa nyumbani, na sirudi ofisini hata kwa mtutu. Lakini sikiliza.

Cha kwanza ni mlango. Sebule si ofisi. Nilikuwa na chumba cha uani cha kuwekea magunia, nikakipiga rangi, nikatia meza na kufuli. Asubuhi naoga, navaa nguo za kazi na viatu, natoka mlango wa mbele, nazunguka nyumba, naingia uani. Majirani walinicheka mwezi mzima. Sasa wanajua: nikiwa na viatu sipo, nikiwa na kandambili mnaweza kuniletea watoto.

Cha pili, pesa. Ofisini bando, umeme na maji ya kunywa hukuvinunua wewe. Mimi nina laini mbili za mitandao tofauti maana mmoja ukilala mwingine unaamka, na betri ya kusukuma masaa matatu umeme ukikatika. Luku ilipanda mpaka mume akadhani mita mbovu. Bosi wako akiokoa laki nane, muulize ngapi zinarudi kwa hao wanane. Asipojibu, basi kodi ya ofisi mtakuwa mnailipa nyinyi bila kupewa risiti.

Cha tatu hakisemwi sana: nimesahaulika. Nafasi ya juu ilipotokea akapewa kijana anayekunywa chai na meneja kila siku. Vitabu vyangu havina kosa, ila sura yangu hawaioni.

Mkaguzi Mstaafu:
Tusidanganyane. Mtu akikaa nyumbani Kigoma, saa tano utamkuta Kibirizi anapatana bei ya dagaa. Nimeajiri watu miaka ishirini, kazi bila jicho haiendi.

Asali ya Sikonge:
Mzee wangu, shikamoo. Na walio ofisini saa tano wako wapi? Si kwenye chapati? Hesabu mafaili yaliyokamilika jioni, usihesabu vichwa.

Kalamu Nyekundu:
Mzee na dada wote mna haki kiasi. Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walilipima hili China, kwa wapokea simu wa kampuni ya safari ya Ctrip, miezi tisa. Matokeo yalichapishwa 2015: waliokuwa nyumbani walizalisha zaidi kwa asilimia 13, hasa kwa sababu walipunguza mapumziko na siku za kuugua. Ila kushiriki kulikuwa na sharti la kuwa na chumba chako pekee. (Tuangalie nyumba zetu za kupanga.) Jaribio lilipokwisha, karibu nusu yao wakachagua kurudi ofisini, upweke umewashinda. Na kama alivyosema dada wa Isevya, hata waliofanya vizuri walipandishwa vyeo kwa nadra.

Kampuni ileile, sasa Trip.com, ikajaribu njia ya kati kwa wafanyakazi 1,612: siku mbili nyumbani, tatu ofisini. Matokeo ya 2024: utendaji haukushuka, na walioacha kazi wakapungua kwa theluthi.

Wakili wa Kijiweni:
Mleta mada, usimalize hili kwa simu. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mahali pa kazi ni moja ya mambo anayoandikiwa mfanyakazi. Likibadilika, mwajiri anashauriana naye kisha anamwandikia upya. Ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki haufutiki kwa kuwa uko kwako. Bosi akizoea kutuma kazi saa tatu usiku, muulize habari ya nyongeza.

Pia mnashika nakala za pasi za wateja. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Karatasi za watu zisikae juu ya meza anayochorea mtoto.

Boti ya Uvira:
Mimi ni mteja wa ofisi kama zenu. Nikishuka na bahasha yangu nataka mlango wenye kibao. Wakala wa kuniambia "tukutane kwangu, nyuma ya msikiti, uliza nyumba ya geti la bluu" simpi mzigo wangu hata siku moja.

Migebuka wa Mwanga:
Boti ya Uvira, hapo ulinigusa. Nilikuwa nawaza wafanyakazi tu.

Leo nimewauliza wenzangu mmoja mmoja. Wenye chumba cha kujifungia ni watatu kati ya wanane, mimi simo. Kijana wetu mdogo anaishi chumba kimoja na kaka yake. Kaniambia, "Dada, ofisini ndiko kwenye feni."

Nimemwandikia bosi hivi: tupange chumba kimoja karibu na bandari, kibao nje, watu wapokezane zamu. Hao watatu wabaki nyumbani siku mbili kwa wiki wakitaka, wapewe pesa ya bando na umeme kutoka kwenye kodi tutakayookoa. Wa kunyonyesha nimemwombea tatu. Mabadiliko yote kwa barua. Karatasi za wateja hazitoki ofisini.

Bosi kajibu kwa dole gumba. Sijajua ni ndiyo au ni "nimeona".

Kesho naenda kuangalia chumba. Dalali anataka elfu kumi ya kunionyesha mlango tu.